Mkono wa Mkasi na Bata wa Posta

Habari ninayotaka kuwapa hakuna atakayeiamini. Nasema hivyo mapema kabisa, ili baadaye mtu asije akanikunja shati. Mke wangu, aliyenivumilia tangu nina nywele, nilipomsimulia alinitazama mara moja tu kisha akarudi kwenye kukunja nguo zake. "Umemaliza?" akaniuliza. Basi. Kama yeye aliyenizoea hakuamini, wewe uliyenikuta hapa karatasini utaaminije? Lakini soma. Ni ya kweli toka juu mpaka chini, ila pale nilipotia chumvi kidogo, na hapo utapajua mwenyewe kwa sababu ndipo panaponoga.

Mimi watu huniita Mjomba. Wananiita hivyo hata wale ambao dada zangu hawajapata kuwaona. Nilikuwa dereva wa lori, na bila kujisifu, barabara zilikuwa zikinisikia zinajinyoosha zenyewe. Shule nilifika darasa la nne; la tano nilichungulia dirishani nikaona hakuna jipya. Kwa hiyo mkikuta herufi imekaa upande, isogezeni muendelee, msiniitie mwalimu.

Anayehusika na habari hii ni rafiki yangu kinyozi, ambaye tangu ujana tunamwita Mkasi. Ana chumba kimoja kinachotazama barabara, kati ya duka la dawa na fundi viatu. Ukiingia, kushoto kuna benchi, kulia kuna kioo kikubwa kilichopasuka pembeni na kuzibwa kwa plasta ya kidonda, na katikati kuna kiti. Kile kiti ndicho fahari yake. Alikinunua kwa daktari wa meno aliyekuwa anahama, kina mpini wa chuma ubavuni, ukiuvuta kinalala chali huku kinalia kama mlango wa ghala. Wateja wageni wakilazwa pale hufumbua vinywa wenyewe bila kuambiwa. Mkasi huwafunga taratibu kwa kidole kimoja: "Hapana, bwana. Mimi nahusika na nje tu."

Haya ninayaandika nikiwa kwenye benchi lake, Jumamosi asubuhi, na yeye yuko kazini. Kila mstari ninaouandika ananilazimisha niusome kwa sauti. Msidhani ni kwa sababu anapenda sana maandishi yangu, ingawa angepaswa. Sababu yake mtaiona mbele.

Mkasi hataki kusikia habari za mashine ya umeme. Mashine, anasema, ni ya kukatia majani. Yeye ana wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, na ukanda wa ngozi ulioning'inia msumarini ambao huupitishia wembe huo mbele na nyuma, chwa, chwa, mpaka mtu aliyekaa kitini aanze kukumbuka ni nani amemkosea duniani. Akimaliza anakupaka spiriti inayochoma mpaka unamwita mama yako aliyekwishazikwa. Na ana chujio lake la wateja: akikuuliza jambo ukamdanganya, anasema "Uongo!" wakati wembe uko kooni. Hapo nani atabisha?

Benchi hili lilikuwa la watu watatu. Mimi. Mwashi, ambaye amejenga nusu ya kuta mnazoziona mtaani na nusu nyingine amezikosoa. Na Posta. Kila Jumamosi tulikuja kunyolewa, hata asiye na cha kunyoa. Mimi kichwani sina kitu tangu zamani, nilichobaki nacho ni ndevu. Lakini Mkasi hunivika shuka jeupe kama wengine, halafu huuchezesha mkasi hewani juu ya utosi wangu, chaka chaka chaka.

"Nikupunguze pembeni?"

"Punguza. Ila juu uache ziote."

"Zimejaa sana huku nyuma, Mjomba. Unawabania wenzio."

Huo ndio ulikuwa mchezo wetu, na aliyeutia moto alikuwa Posta. Alikuwa mpeleka barua wa baiskeli mpaka alipostaafu, mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kuomba radhi, na kwa sauti hiyo hiyo alikuwa akitoa uongo ambao mimi, bingwa mzima, nilibaki nimeshika kichwa. Hadithi yake kubwa ilikuwa ya bata bukini. Eti alipeleka kifurushi kwenye nyumba moja, uani kukawa na bata bukini, bata akamkimbiza, na yaliyofuata nitayasema mahali pake. Kila mwaka yule bata alikua. Nilipomsikia mara ya kwanza alikuwa kama kuku mnene. Tulipoanza kuota mvi alikuwa kama mbwa. Mimi nikimbishia, Mwashi akicheka mpaka vumbi la saruji linamtoka kwenye nywele, na Mkasi, wembe mkononi, akiwa hakimu: "Posta, wiki iliyopita hakuwa na urefu huo. Mrudishe."

Halafu Posta akatuacha. Ilikuwa Jumamosi, na alikuwa anakuja kwetu. Mkewe alimkuta ameketi kitandani, mguu mmoja umevaa kiatu, cha pili amekishika mkononi, kamba imefunguliwa tayari. Sitasema zaidi hapo. Hata mimi kuna mahali sina la kuongeza.

Tuliporudi kwenye benchi hili baada ya mazishi, tulikaa tukiacha nafasi yake katikati. Tukaamua, bila kuambiana, kwamba mambo ya utani tuyaweke pembeni kwa heshima ya Mkasi, kwa sababu yeye na Posta walikuwa chanda na pete. Basi heshima ikaanza. Tunaingia tunanong'ona. "Umeamkaje, ndugu yetu? Umelala vizuri? Umekula?" Mwashi, ambaye sauti yake ingeweza kukoroga zege, akawa anaongea kama yuko wodini. Mimi nilikuwa nikitikisa kichwa tu na kusema "ndiyo hivyo, ndiyo dunia." Mimi! Nilipokuwa nikirudi nyumbani, mke wangu alikuwa akinishika paji la uso kuona kama nina homa.

Na hapo ndipo mkono wa Mkasi ulipoanza kutetemeka.

Tuliona kwanza kwenye brashi ya sabuni. Alikuwa anampaka Mwashi povu mashavuni, povu likaenda kukaa sikioni. Tukajifanya hatukuona. Wiki ya pili povu likafika kwenye nyusi. Wiki ya tatu mteja mmoja, karani wa jirani, alitoka na alama tatu kidevuni na hakurudi. Tulimwona akielekea kule chini kwa vijana wenye mashine. Wengine wakamfuata. Nasi tukazidisha kimya. Tukamfanya Mkasi yai. Akishika wembe tunazuia hata pumzi, na nzi akipita Mwashi anamwonya kwa kidole.

Binti yake Mkasi akapata habari. Anaishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi, na akaja. Ni mtoto niliyempakata mimi mwenyewe, lakini siku hiyo alisimama katikati ya chumba hiki mikono kiunoni kama mkaguzi.

"Baba, funga. Chumba chako kiko tayari kwangu, dirisha linatazama bustani. Umefanya kazi inatosha."

"Bustani niifanye nini? Niinyoe?"

"Baba, utamkata mtu koo."

"Mpaka sasa nimewakata videvu tu."

"Unaona! Mjomba, mwambie."

Nikatazama dari. Dari la chumba hiki ni zuri sana ukiwa unakwepa swali.

Sasa lazima niwaeleze mambo ya Mwashi, kwa sababu ndiyo yaliyoliokoa duka hili, au nusura yalizamishe. Mwashi alifiwa na mkewe zamani. Alikaa peke yake katika nyumba aliyoijenga vizuri mno, kuta zimenyooka, ndani hakuna wa kuziegemea. Basi siku moja tofali likamwangukia mguuni. Akaja kumsafisha kidonda nesi mstaafu wa mtaa wa pili, mjane mwenzake, mama mwenye mikono mepesi na ulimi mkali. Kidonda kikapona. Kuchechemea hakukupona. Miezi ikapita, Mwashi anachechemea tu, na Nesi anakuja kumwangalia. Siku moja akamwambia, "Mzee, juzi ulichechemea kulia, leo unachechemea kushoto. Kama unataka kunioa sema, upumzishe miguu." Ndivyo Mwashi alivyopata mchumba, na ndivyo alivyopona papo hapo.

Kwa hiyo siku ile binti amesimama mikono kiunoni, Mwashi akainuka kwenye benchi akasema, kwa kunong'ona kama tulivyojizoeza, "Mwanangu, mimi nafunga ndoa mwezi ujao. Baba yako alininyoa siku ya ndoa yangu ya kwanza, kwenye kiti hiki, kwa wembe huu. Sitakwenda kumwoa Nesi nimenyolewa na mashine ya majani."

Mkasi alimtazama Mwashi. Kisha akamgeukia binti yake. "Sikia. Asubuhi ya ndoa ya Mwashi uwepo hapa. Nikimnyoa asitoke damu, nabaki na hutaniuliza tena. Nikimkata, hata kama ni kidogo cha kufunikwa na ukucha, nafunga mlango huu, nakabidhi ufunguo, tunapanda basi wote. Sitabisha."

"Kweli, Baba?"

"Mimi si Mjomba. Nikisema nimesema."

Hilo la kunitaja halikuwa na lazima, lakini nililimeza. Maana nilikuwa nafanya hesabu zangu pale. Posta hayupo. Mwashi anakwenda kupata wa kumwegemea. Mkasi akiondoka, ningebaki mimi na benchi, na benchi si msikilizaji mzuri, nimejaribu.

Ndipo nikajitoa mhanga. Nilisema, "Ajizoeze kwangu. Shingo yangu ni ya chuma." Jumamosi iliyofuata nikalala kitini, nikafumba macho. Mwashi alifunga mlango ili makelele ya barabarani yasiingie. Kimya kikatanda mpaka nikasikia povu linavyopasuka. Wembe ulipogusa kidevu niliuhisi unacheza kama sindano ya cherehani. Mara, chwi. Nikahisi moto.

Mkasi akautumbukiza wembe kwenye bakuli la maji. "Basi, jamani," alisema. "Basi." Aliketi pale alipokuwa akiketi Posta. Tangu Posta aondoke hakuna aliyekuwa amepakalia.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia Nesi. Alikuja kumtafuta mchumba wake. Alituangalia mmoja mmoja: mimi nimelala na damu kidevuni, Mwashi amesimama kama aliyevunja sahani, Mkasi amejiinamia.

"Mbona kama msiba? Kuna aliyekufa mkasahau kuniita?"

Aibu ilinijaa. Sikutaka aone Mkasi ndiye aliyenikata, wala sikutaka aone mimi nimeumia. Nikafanya ninachokijua. "Hiki si kitu, shemeji," nikasema. "Mimi niliwahi kuingia kwenye mti na lori, tawi likapasua kioo cha mbele, likapita ubavuni kwangu, likatokea nyuma. Sikusimama. Niliendesha na mti wangu mpaka nikafikisha mzigo, na matunda yakaiva njiani."

Halafu nikasikia, kutoka kwenye benchi, sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu mazishi.

"Uongo!"

"Uongo gani?"

"Lori lako halikuwa na kioo cha mbele!" Mkasi alikuwa amekwishasimama. "Ulikuwa umefunga turubai! Mvua ikinyesha ulikuwa unatoa kichwa nje kama kobe!"

"Kioo kilikuwepo! Turubai lilikuwa la kuzuia jua!"

"La kuzuia jua mbele ya macho yako? Ulikuwa unaona njia kwa kunusa? Lala hapo. Kaa vizuri. Eti matunda yakaiva! Mti gani huo unaozaa ukiwa ndani ya lori? Geuka huku. Na mzigo wenyewe ulikuwa nini, mbolea?"

"Mbolea, ndiyo! Ndiyo maana yakaiva!"

Mwashi alicheka. Kicheko kilimtoka chote kwa pamoja, kile cha zamani, na vumbi likamtoka. Nami nilikuwa nimekwishafungua mdomo nijibu tena, nikaona Nesi amenikazia macho na kuninyooshea kidole shavuni mwangu. Nikapeleka mkono. Shavu lote lilikuwa laini kama la mtoto wa juzi. Mkasi alikuwa ameninyoa upande mzima akiwa anagomba, na hakujua.

Nesi alitutoa nje mimi na Mwashi, akatubana ukutani kwa fundi viatu.

"Mkono ule hautapona," alisema. "Ni umri, na hakuna dawa ya umri, ningekuwa nayo ningeanza na ninyi. Lakini unaijua kazi yake. Unaharibika akiutazama, na ninyi mnamsaidia kuutazama. Nani aliwaambia mnyamaze?"

"Ilikuwa heshima, dada," Mwashi akasema.

"Heshima! Mtu akiona rafiki zake wanamnong'onezea, anajua wameshamhesabu. Mnamzika huyu akiwa amesimama." Akanigeukia mimi. "Na wewe, Mjomba. Watu wote mtaani wanakuomba ufunge mdomo, hufungi. Huyu mmoja aliyeuhitaji ndiye ukamfungia?"

Nimewahi kutukanwa na polisi wa barabarani, nimetukanwa na mabosi, lakini sijapata kutukanwa nikafurahi kama siku ile.

Amri ya Nesi ikawa hivi: Mkasi asiambiwe kitu, kwa sababu akijua tunamtengeneza ataanza tena kuutazama mkono. Kazi yangu ni kusema uongo. Ndugu zangu, kusema uongo kwa hiari yako ni raha. Kusema uongo kwa amri ni kibarua. Wiki zile nilichoka kuliko nilipokuwa nabeba mbao. Niliamka asubuhi nikiwaza, leo nimpe nini? Nikampa ule wa kuvuka mto lori likiwa limezimika, viboko wakanisukuma. Nikampa ule wa tairi lililotangulia kufika mjini kabla yangu na kunisubiri kituoni. Mkasi alinigomba, alinitukana, aliita mashahidi, na kila Jumamosi niliinuka kitini nimenyolewa safi. Niseme pia ukweli: kulikuwa na siku mbili tatu mkono ulitetemeka hata nikisema nini, na siku hizo alikunja wembe akasema tucheze karata. Tukacheza. Aliiba.

Asubuhi ya ndoa ikafika. Mwashi alikuja na suruali mpya yenye mkunjo unaoweza kukata mkate, akalala kitini, akafumba macho. Binti yake Mkasi alikuwa amefika jana yake. Alisimama kando ya kioo, gauni zuri, mikono amekunja kifuani, na sikuona hasira usoni mwake. Niliona mtoto anayeogopa. Nesi hakuweza kuwepo, alikuwa anavishwa. Kwa hiyo jukumu lote la taifa lilikuwa juu ya bega langu.

Nilikuwa nimeandaa uongo mmoja mzito, nimeulaza ndani kwa siku nne kama unga unaoumuka. Nikakohoa. "Mwaka ule daraja lilipovunjika," nikaanza.

"Mjomba, tafadhali," binti akasema. "Mwache Baba afanye kazi kwa utulivu."

Akasema kwa adabu, na kwa mapenzi, na ilikuwa sawasawa na kumsukuma baba yake shimoni. Chumba kikanyamaza. Mkasi akachukua brashi. Povu likamwendea Mwashi kwenye kope. Akalifuta. Akachukua wembe, akaupitisha kwenye ukanda, na kwenye ule mlio wa chwa, chwa nilisikia haukuwa na mpangilio. Alipouinua, ncha yake ilikuwa inaandika hewani.

Nikafungua mdomo. Hakukutoka kitu. Daraja lilikuwa limevunjika kweli. Nilitafuta viboko, tairi, mti, wote hawapo. Kando yangu kwenye benchi kulikuwa na ile nafasi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilijiona mimi ni mzee mwenye kipara aliyeketi kwenye benchi, basi, hakuna zaidi. Kilichobaki kichwani ni kimoja tu, na hata hakikuwa changu.

"Yule bata wa Posta," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Siku ile alipomkimbiza... Posta akaacha baiskeli, akapanda juu ya mti."

"Mjomba!" binti akasema.

Mkasi hakugeuka. Wembe ulikuwa umesimama juu ya shavu la Mwashi.

"Banda la kuku," alisema.

"Nini?"

"Hakupanda mti. Alipanda juu ya banda la kuku. Posta hakuwa mtu wa kupanda miti, alikuwa na kizunguzungu."

"Mti," nikasema. "Na bata mwenyewe alikuwa mkubwa kama ndama."

"Kama ndama!" Sasa aligeuka, macho yamemtoka. "Kama mbuzi! Posta mpaka anakufa alisema kama mbuzi! Ndama umemtoa wewe, na mwenzio hayupo wa kujitetea! Usimharibie marehemu uongo wake!" Akarudi kwa Mwashi, wembe ukatua. "Kama hujui usisimulie. Ilikuwa hivi."

Naye akaisimulia. Akaisimulia kwa ile sauti ya kuomba radhi, Posta mtupu, mpaka nikatazama mlangoni. Bata akasimama chini ya banda, analinda. Mama mwenye nyumba akatoka, akauliza, "Una kifurushi?" Posta akamjibu kule juu, "Ninacho, mama, lakini saini inachukuliwa huku." Na mama akapanda ngazi kutia saini. Wakati wa kushuka, bata akamshika Posta nyuma ya suruali ya kazi, akaondoka na kipande. Basi siku nzima Posta alizunguka mtaa mzima akiingia kwenye nyumba za watu uso mbele, na akitoka kinyumenyume, akiinamisha kichwa, mpaka barabarani. Watu wakamsifu mwaka mzima. "Yule mpeleka barua ana adabu sana. Hakupi mgongo hata kidogo."

Mwashi alikuwa na kazi ngumu kuliko sisi sote. Kicheko kilimshika chini ya shuka, tumbo likawa linaruka kama boneti ya lori kuukuu, na shingo ameikaza kama ukuta wake mwenyewe. Machozi yalimtiririka yakachanganyika na povu. Na wembe ukateremka. Ukapita chini ya taya, ukazunguka koromeo, ukapanda kidevuni, na Mkasi hakuwa nao kabisa, alikuwa na bata.

"Baba," binti akasema, na alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanacheza. "Baba, mimi mliniambia alikuwa kama paka!"

"Ulikuwa mdogo, mwanangu. Na bata naye alikuwa mdogo. Mmekua pamoja."

Akamfuta Mwashi kwa taulo la moto. Tukasogea wote kutazama. Binti alimwinua Mwashi kidevu kuelekea dirishani, akakagua kulia, akakagua kushoto, akapitisha kidole. Hakuna kitu. Hakuna hata doa.

Mkasi akaukunja wembe. Ndipo akautazama mkono wake, na ukaanza tena kucheza, hapo hapo mbele yetu.

"Unaona," alimwambia binti yake. "Upo. Haujaenda popote."

"Naona, Baba." Akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili akaushikilia. "Lakini usimnyoe mtu Mjomba akiwa hayupo. Niahidi."

"Kwa hiyo na wewe umejua."

"Nina macho, Baba."

Mkasi akanigeukia mimi, taratibu, kama anavyomgeukia mteja aliyedai hajawahi kunyolewa vibaya. "Na wewe ulidhani sijui? Wiki zote hizi? Viboko wanakusukuma lori?"

"Tangu lini umejua?"

"Tangu tairi. Hata wewe una kiwango chako, Mjomba, na lile lilikuwa chini yake. Nikasema, huyu anatafuta kitu."

"Na ule wa mti?"

"Ule wa mti ulikuwa mzuri. Posta angeupenda."

Tukampeleka Mwashi akaoe. Hakuchechemea hata kidogo, ingawa Nesi alipomwona alimshika shavu mbele ya watu wote, akaupitisha mkono pale kidevuni, kisha akanitafuta mimi kwa macho katikati ya kundi, akanikonyeza. Mke wangu aliliona lile konyezo. Hiyo ni habari nyingine na imeshanipa taabu yake.

Sasa mnajua kwa nini ninasoma kwa sauti. Duka linafunguliwa Jumamosi tu, na wembe haukunjuliwi mpaka mimi nimekaa hapa. Binti hupiga simu kuuliza kama nipo. Anaomba aongee na mimi, si na baba yake. Leo Mwashi ndiye yuko kitini, Nesi amemwagiza asirudi nyumbani na ndevu. Nafasi ya Posta bado tunaiacha, ila siku hizi ndipo tunapoweka sahani ya karanga. Na niseme bila kujisifu kwamba habari zimeenea. Ukipita mtaani kwetu Jumamosi utaona foleni imetoka mlangoni, imepita duka la dawa, imekata kona, watu kwa mamia, wengine wamekuja na viti vyao, nusu wanamtaka Mkasi awanyoe na nusu wanataka wanisikie mimi tu, nami hujibana nikawahudumia wote, maana nina moyo mgumu, hata asubuhi ile ya Mwashi kila mtu alilia humu ndani isipokuwa mimi, nilikaa kwenye benchi hili nimenyooka kama nguzo, macho makavu kabisa, sikupangusa hata—

"Uongo! Na lile taulo langu ulilonirudishia linachuruzika, lilinyeshewa na mvua ipi humu ndani?"